Ufuta wa Juu, Ufuta wa Chini

Nianze na ujinga wangu, maana msipousikia kwangu mtausikia kwa wengine, na wao wanatia chumvi. Mimi Yazidi, mwanafunzi wa kidato cha tatu, mwenye akili timamu na alama za kuridhisha za Baiolojia, nilikaanga mbegu za mama yangu. Wala haikuwa ajali ya moto. Nilizishusha, nikazifungua, nikazikaanga taratibu zisiungue, nikazitia sukari iliyoyeyuka, nikakata kashata za pembe nne na kuzipeleka harusini Mikindani. Watu wakala. Bibi mmoja akaniombea dua nipate mke mwema.

Ilikuwa hivi. Mama alikuwa Mikindani kwenye harusi ya binti wa shoga yake, mkono mmoja kwenye sufuria la pilau na mwingine kwenye simu. Mimi niko nyumbani Mtawanya, shule zimefungwa, nalinda kuku. Simu ikaita. Nyuma ya sauti yake kuna vigelegele na vyombo vinagongana. Akasema, "Yazidi, kashata zimepungua huku. Kaanga ule ufuta wa juu ulete. Wa chini usiuguse, umenisikia?"

Nikajibu nimesikia, na kweli nilisikia. Nikaingia jikoni. Chini, karibu na mtungi, kulikuwa na ndoo ya ufuta. Juu, kwenye moshi wa jiko, kilining'inia kibuyu kilichozibwa kwa gunzi na kupakwa nta. Juu ni juu. Nikapanda kigoda.

Wenye mashamba hapo wameshashika vichwa. Kwa asiyelima nieleze: ufuta hubeba kuanzia chini kwenda juu. Vitumba, yaani vile vikopo vidogo vyenye punje ndani, vya chini ndivyo hutangulia na kujaa wakati mvua bado ipo. Vya juu huja mwishoni, na mwaka huu vilipokuja mvua ilikuwa imeshakata, vikabeba punje nyepesi kama makapi. Kwa hiyo Mama akivuna, kila shina hulikata mara mbili. Kipande cha chini ni cha mbegu, kipande cha juu ni cha kula. Ufuta wa chini, kwa kuwa ni mbegu, hutundikwa juu kwenye moshi ili wadudu wasiufikie. Ufuta wa juu, kwa kuwa ni wa tumbo tu, hukaa chini kwenye ndoo. Alinieleza yote haya siku ya kupura. Siku hiyo nilikuwa na hedifoni masikioni, nikawa naitikia kila nilipoona midomo yake inatikisika.

Mama aliporudi kutoka harusini alikuwa na furaha, miguu imevimba, hina hadi viwikoni. Akaingia jikoni kuchukua maji. Akakawia humo kuliko maji yanavyochotwa. Nilipochungulia nikamkuta ameinua uso, anatazama kamba ambayo haikuwa na kitu.

Hakunipiga, na hilo ndilo lililonitisha. Alikaa juu ya kigoda kilekile cha uhalifu akanieleza, safari hii bila hedifoni. Ufuta ule haukuwa wa dukani. Ulikuwa ufuta wa misimu kadhaa ya kuchagua. Kila mvua ilipokata mapema na shamba letu la Ziwani likawa kama ufagio uliochomekwa mchangani, yeye alipita kutafuta mashina machache yaliyobeba wakati wenzake wamekufa. Hayo ndiyo aliyotunza, akapanda, akachagua tena. Ufuta huo ndio unaotuvusha hadi korosho zianze kuanguka. Aliwahi kujaribu mbegu nyingine za ufuta mrefu, mzuri wa kupigia picha, zikamwachia mabua. Mbegu kama yake, alisema, ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani: kwa Bibi, mama yake mzazi, kule karibu na Ruvuma inapoingia baharini, kwa sababu mwaka uliopita alimpelekea kidogo Bibi alipoishiwa. Bibi hupanda kwa kuchelewa, kwa hiyo ufuta wake huenda bado umesimama. Na ufuta uliokomaa haumsubiri mtu. Vitumba vinapasuka, punje zinamwagika, ndege wanakula sikukuu.

Nikauliza kwa adabu kama tutakwenda kesho. Akasema yeye ana salfa ya kupulizia mikorosho. Kisha akanionyesha baiskeli ya mjomba iliyoegemezwa ukutani.

Alfajiri, Mtawanya. Niliondoka kabla majirani hawajafungua milango, nikidhani nitakwepa maswali. Baiskeli ile haina breki ya mbele, na ya nyuma ni kisigino changu. Mama alikuwa amenipa begi, chupa ya maji, mihogo ya kuchemsha na kibuyu kilekile kitupu. Hakusema kijazwe. Alinivalisha tu begani, kama mtu anayevalishwa medali ya aibu.

Jua limepanda kidogo, Naliendele. Hapa hapakuwa njiani kabisa, lakini akili yangu ilikuwa na mpango. Kwa nini nihangaike hadi Ruvuma wakati Naliendele kuna watu wa utafiti wa mazao? Mashamba yao ya majaribio yanaonekana, na harufu ya salfa kwenye mikorosho inakushika koo. Kando ya njia niliona kishamba cha ufuta kimegawanywa vipande vipande, kila kipande na kibao chake, na katikati dada mmoja amevaa kofia pana, ameinama na rula kwenye kifundo cha mmea kama fundi anayempima mteja suruali. Jina lake Neema. Nikamsalimia, nikamwambia mimi ni mwanafunzi mwenye mapenzi makubwa na ufuta. Akanitazama, akakitazama kibuyu, akaniuliza nimeharibu nini.

Nikamweleza. Alicheka hadi kofia ikaanguka. Mbegu hakunipa. Alisema zile bado wanazipima, hazijamaliza safari yake, na hawezi kumpa mtu kitu ambacho hata yeye hajajua tabia yake. Lakini kwa huruma, au kwa kulipia kicheko, alinipa darasa la bure.

Nilimwambia kwamba kama ni kuchagua si kazi, nitachukua mimea iliyo mirefu na yenye majani mazuri. Dada Neema akatikisa kichwa. Alisema urefu unadanganya. Wao hupima ni lini mmea ulitoa ua la kwanza, kitumba cha kwanza kilianzia wapi kutoka ardhini, vitumba ni vingapi, punje zina uzito gani, na mzizi umekwenda wapi. Mvua ikikata, mmea uliotumia nguvu zake zote kurefuka unabaki na shina tupu. Akaniambia pia kwamba mimea inayopona ukame iko ya namna mbili. Kuna inayovumilia: mchana inalegeza majani kupunguza jua, jioni inayainua tena kana kwamba hakuna kilichotokea, na mzizi wake unachimba chini. Na kuna inayokimbia: inawahi kutoa maua na kukomaa, hata ukame ukifika yenyewe imeshamaliza kazi.

"Kama mtoro," nikasema. "Anayeruka ukuta kabla kengele haijagongwa."

"Mtoro aliyemaliza kazi zake kwanza," akanirekebisha. "Huyo bado sijamwona shuleni."

Nikaaga. Aliniambia neno moja la mwisho, nisitazame uzuri, nitazame kilichobaki. Nikaitikia kwa heshima, na kama mtakavyoona, nikalisahau kabla sijafika mtoni.

Adhuhuri, Ziwani. Kutoka Naliendele nilikata njia za mashambani. Njia ya mashambani ni jina la heshima la mchanga. Kuna mahali niliiendesha baiskeli, kuna mahali niliiburuta, na kuna mahali ilinilalia. Nilitokea Ziwani nimepakwa vumbi hadi kope, nikaelekea kwa Mama mdogo Saada, mdogo wake Mama, ambaye nyumba yake imepakana na shamba letu. Watoto wake wawili walinikimbilia wakiimba, "Kashata amefika, Kashata amefika." Ndipo nilipojua kwamba baiskeli ya mjomba, hata ikiteremka mlima, haiwezi kushindana na simu ya mama yangu.

Mama mdogo alinikaribisha kwa ming'oko, vile viazi mwitu vyembamba vya porini, vimechemshwa na chumvi. Kila nikimenya kimoja anauliza kama nimekikagua, kisije kikawa mbegu ya mtu. Nilikula kwa unyenyekevu. Baadaye akanipeleka shambani kwetu, ambako yalibaki mabua ya ufuta uliovunwa, na jirani shamba lake yeye mwenyewe. Yeye alipanda mbegu ndefu aliyoisifia sana wakati wa palizi. Mabua yake yalinipita kichwa. Nikamuuliza alipata nini.

"Nimepata kuni," akasema.

Hakucheka aliposema. Alisema alikuwa amemwomba Mama mbegu za msimu ujao, na Mama alikuwa amemwahidi kutoka kwenye kibuyu kile. Nilikuwa sijui hilo. Nilikuwa nadhani nimekaanga shamba moja, kumbe nimekaanga mawili. Nikang'oa bua moja la shamba lake. Likatoka kirahisi kama jino la maziwa, mizizi imejikunja juujuu. La kwetu nilivuta hadi nikakaa chini, likakatikia mkononi na mzizi ukabaki na ardhi. Nikaanza kuona kwamba kuna jambo hapa, na kwamba si la mtihani wa Baiolojia tu.

Alasiri, njia ya mtoni. Baada ya Ziwani mikorosho hupungua na mchanga huongezeka. Pancha ya kwanza ilinikuta kwenye mteremko, ya pili kwenye kiraka cha pancha ya kwanza. Nikasukuma. Upande mmoja mashamba ya chumvi yanametameta hadi macho yanauma, upande mwingine mikoko imesimama kwenye tope kama watu walioinua nguo wasilowe. Kaa wadogo wananipungia mkono mmoja kisha wanaingia mashimoni. Nilikutana na mzee mmoja na ndoo ya kamba wabichi, tukasalimiana, akaniuliza ninakokwenda, nikamtajia jina la Bibi. Akanitazama vizuri akauliza kama mimi ndiye. Nikakubali kwamba mimi ndiye. Akasema pole, akaendelea na safari yake, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Jioni, kwa Bibi. Asiyejua ajue kwamba kwetu bibi na mjukuu wa kiume ni watani, na Bibi yangu huniita mume wake tangu nilipokuwa natambaa. Pia herufi ya r hana biashara nayo. Alikuwa amekaa ukumbini anachambua kamba, akaniona nimesukuma baiskeli hadi mlangoni, nimechoka kama mbwa wa harusi.

"Mume wangu," akasema, "nimesikia siku hizi unakaanga mbegu. Mimi usinikaange, nimeshakauka zamani."

"Shikamoo, Bibi."

"Malahaba. Umekuja na posa au na kalai?"

Pembeni yake alikuwa binamu yangu Salima, binti wa mjomba, amemaliza kidato cha nne na tangu hapo anazungumza kama mkaguzi wa shule. Alinipokea begi, akakipima kibuyu kwa mkono, akasema ni chepesi kama kichwa changu. Usiku ule nilikula ugali na kamba wa nazi, na wao wakanila mimi.

Kesho yake asubuhi, shambani. Shamba la Bibi limelala kwenye mwinuko. Ukingo wake wa chini unakaribia mto, udongo mweusi wenye ubaridi. Ukipanda juu unageuka mchanga mweupe unaounguza nyayo. Bibi alikuwa amechanganya mbegu za Mama na zake ndefu akapanda zote pamoja, kwa sababu, alisema, shamba si harusi kwamba watu wakae kwa koo zao. Kwa hiyo hakuna aliyejua shina lipi ni la nani. Alinipa kanga yake iliyochakaa, nyekundu, nichane vitambaa nifunge mashina ninayoyataka. Alinionya juu ya viboko wa mtoni. Kisha akaniacha, maana yeye na Salima walikuwa na kazi ya kuanika kamba.

Nikaanzia chini, karibu na mto. Jamani, ufuta ule. Mrefu, majani bado ya kijani, shina nene kama kidole gumba, vitumba vimejipanga kama askari wa gwaride. Nilifunga vitambaa kushoto na kulia. Nilijiona afisa kilimo. Asubuhi yote ya ubaridi, umande ukiwa bado kwenye majani, niliimalizia hapo nikipiga mluzi, nikiufunga tai nyekundu kila mmea ulionipendeza. Kule juu mchangani nilitupia jicho mara moja tu. Niliona vijiti vifupi, vingi vimekufa, nikasema masikini.

Mchana, mahali palepale. Salima alikuja na maji. Alisimama akalitazama gwaride langu lenye tai.

"Huyu kafaulu?" akauliza, anaonyesha mmea mmoja mrefu.

"Kafaulu vizuri sana."

"Kafanyia mtihani wapi?"

Nikasema hapa hapa. Akaingiza kisigino ardhini, akageuza udongo. Ulikuwa na unyevu, unashikana kama unga wa chapati.

"Yazidi, huyu kakaa na majibu mezani. Ruvuma inamnong'oneza usiku kucha. Mkimpeleka Ziwani kwenye mchanga wenu, mtamzika kabla hajatoa ua."

Mimi ni mtu niliyewahi kufaulu jaribio la Historia kwa msaada mkubwa wa shingo ndefu na jirani mwenye mwandiko mzuri. Kwa hiyo nilimwelewa papo hapo, na nikajisikia vibaya kwa niaba ya mimea yote. Dada Neema aliniambia nitazame kilichobaki. Kule chini kila kitu kilikuwa kimebaki, hakuna kilichopungukiwa, kwa hiyo hapakuwa na cha kutazama. Mtihani ulikuwa juu.

Tukapanda mchangani. Jua lilikuwa la utosi. Nilifanya kile ambacho kingemfurahisha mwalimu wangu: nilitafuta majirani. Mashina mawili yaliyosimama hatua moja kati yao, mchanga mmoja, jua moja, mvua ileile iliyokata siku ileile. Moja lilikuwa refu, limekauka, vitumba vyake vimeanzia kiunoni na ndani yake punje bapa kama magamba ya samaki. Jingine fupi, halina sifa hata moja ya kupigia picha, lakini vitumba vyake vilianzia karibu na kifundo cha mguu wangu, vimesongamana, vimejaa. Vya kwake vilitangulia, mvua haijaondoka. Yalikuwepo mengine ya kuchelewa kidogo ambayo bado yalikuwa na majani machache, yamelegea kama masikio ya mbwa aliyegombezwa, na Salima akasema jioni huyainua tena, yeye huyaona kila siku akirudi na kuni. Watoro na wavumilivu, wote walikuwepo.

Nikachukua mundu, nikalishika lile fupi lililojaa. Nikasikia sauti ndogo, kama mtu anamimina mchanga kwenye karatasi. Vitumba vyake vilikuwa vimeshaanza kupasuka midomo, na kwa kulitikisa tu nilikuwa nimemwaga nusu ya lilichobeba. Punje zilitoweka mchangani mbele ya macho yangu. Hawa waliowahi kukomaa ndio wanaowahi kupasuka, na jua la mchana ndilo linalowafungua. Asubuhi ya umande, ambapo vitumba vinalowa na kufunga midomo, nilikuwa nimeimalizia mtoni nikiwafunga tai waliofaulu kwa kuibia.

Nilitaka kuendelea hivyohivyo, kwa upole. Salima akanishika mkono. Sikutania. Nilimwambia sina kingine, kwamba Mama mdogo ana kuni tu shambani, kwamba nikirudi na kibuyu kitupu sitaweza hata kumtazama Mama akipanda mbegu asizoziamini. Alinisikiliza, kisha akasema tutakuja alfajiri, na jioni hii tumwombe Mungu upepo wa kusi ulale.

Haukulala. Ulivuma jioni yote, unapiga makuti, na kila ulipovuma niliona kwa mawazo punje zinamwagika mchangani. Bibi aliniona nimekaa sijagusa chakula. Hakunitania hata kidogo. Alisogeza sahani karibu yangu akasema, "Kula. Ufuta mbegu yake ndogo. Hata upepo hauwezi kuimaliza."

Alfajiri, mchangani. Umande ulikuwepo, alhamdulillahi. Bibi mwenyewe alikuja, na ile kanga iliyobaki. Utaratibu ulikuwa wake: mmoja anatandaza kanga chini ya shina kabla hajaligusa, mwingine anainamisha shina taratibu kwa mikono miwili, wa tatu anakata. Hakuna kutikisa, hakuna kukohoa. Tulikwenda shina kwa shina namna hiyo, tukilipokea kila moja kama mtoto mchanga. Mengi tuliyakuta yameshamwagika, vitumba wazi, vimecheka na kumaliza. Lakini mengine, majirani zao wa kando tu, upepo uleule uliyapiga na vitumba vyake vilikuwa vimefumba. Hayo Bibi aliyapapasa kwa vidole, akasema haya ndiyo hasa, haya hayana papala. Nikasema kumbe mmea unaweza kuwahi kukomaa na bado ukajua kufunga mdomo. Salima alinitazama aliposikia neno hilo, nami nikafunga wa kwangu.

Tuliyafunga tita tukalisimamisha wima kwenye turubai, maana ufuta haulazwi, na jua la kutwa likatosha kwa sababu yalikuwa yamekauka tangu shambani. Kabla ya kukung'uta, Bibi alinikabidhi panga.

"Haya, mume wangu. Wa juu na wa chini. Nionyeshe."

Nilikata kila shina mara mbili. Hakuna mtu amewahi kukata vijiti kwa makini vile. Wa chini tuliupura peke yake, tukapepeta, ukaingia kibuyuni. Haukufika nusu. Wa juu Bibi aliukaanga hapohapo, akanifungia kwenye karatasi niutafune njiani, nisije nikapatwa na njaa nikageukia mzigo. Yale mashina yenye tai nyekundu tulimwachia yeye kwa ajili ya mafuta. Nasikia hadi leo shamba lile linaitwa shamba la mabwana harusi.

Kurudi. Nilipita Ziwani bila kukaa, ingawa watoto walinikimbilia na wimbo wao. Mama mdogo alitoka mlangoni akakitazama kibuyu. Nikakitikisa kidogo asikie. Akafunga kanga yake vizuri akarudi ndani. Nilipita Naliendele pia, kwa makusudi, nikamwonyesha Dada Neema punje chache kiganjani. Akavutiwa, akauliza kama ningempa kidogo apande kwenye kipande chake. Nikamwambia samahani, hizi bado tunazipima. Alicheka, lakini nilimwachia punje za kujaa kucha ya kidole gumba, kwa ajili ya elimu.

Jioni, nyumbani. Mama alikuwa anaosha salfa mikononi. Alikichukua kibuyu, akamimina kwenye ungo, akapuliza, akachambua kwa kidole, akatafuna punje moja kwa meno ya mbele. Nilimsimulia yote, mto, tai, umande, majirani. Nilipofika kwenye majibu mezani, pembe ya mdomo wake ilisogea, lakini hakucheka. Akachukua punje kadhaa, akazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, akazifunika chini ya bakuli.

Siku zilizofuata nilikuwa mtoto mwema kiasi cha kutisha. Nilichota maji bila kutumwa. Nilijua kuna njia nyingi za mbegu kuwa nzuri machoni na kufa moyoni, na mimi ndiye niliyezichagua. Nililifunua lile bakuli mara nyingi kiasi kwamba Mama alitishia kuliketia.

Kisha asubuhi moja alikifungua kile kitambaa juu ya meza, akaniita. Kila punje ilikuwa imetoa mkia mweupe, mdogo, umejikunja. Karibu zote. Nikiulizwa leo ufuta mzuri ukoje, siwezi tena kujibu kwa neno moja kama zamani. Nitauliza kwanza ulikulia wapi, jirani yake alipata nini, ulianza kubeba lini, na upepo ulipokuja ulifanya nini na mdomo wake. Na nitauliza juu ni wapi na chini ni wapi.

Mama alichukua karatasi, akamimina mbegu zilizokuwa kibuyuni, akazigawa mafungu mawili sawasawa, moja akalirudisha kibuyuni, jingine akalifunga vizuri akanisukumia pamoja na ufunguo wa kufuli la baiskeli ya mjomba. Nikamuuliza hili la pili ni la nini. Akasema:

"Mpelekee Mama mdogo leo hii. Mbegu haikai nyumba moja, Yazidi. Kila nyumba ina mjinga wake."